Mwongozo kamili: kutoka matokeo ya kidato cha nne hadi kazi ya fundi sanifu vifaa tiba

Wengi wanaoniuliza kuhusu fani ya vifaa tiba wamekwama sehemu mbili zilezile. Wa kwanza kamaliza kidato cha nne, kaomba kozi kwa kuvutiwa na jina, na muhula wa pili ndipo anagundua kuwa anasomea upimaji wa damu maabara, si utengenezaji wa mashine. Wa pili kahitimu vizuri tu. Anaitwa kwenye usaili, anawekewa mashine mezani, anaambiwa "haifanyi kazi, tueleze kwa nini", naye anashika bisibisi kabla hajauliza swali hata moja. Usaili wake umeishia hapo.

Mwongozo huu ni wa kuwavusha wote wawili. Nimeuandika kwa utaratibu wa Tanzania. Msomaji wa Kenya atakuta diploma ya uhandisi wa vifaa tiba KMTC, na wa Uganda atakuta shahada Makerere. Taratibu za kuomba ni tofauti, lakini hatua ya 3 hadi ya 5 zinamhusu vilevile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Nyaraka:

- Cheti halisi cha kidato cha nne. Karatasi ya matokeo itakusaidia kuomba chuo, lakini haitakusaidia kuomba kazi serikalini.
- Cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA. Majina yafanane herufi kwa herufi kwenye nyaraka zote. Kama hayafanani, shughulikia sasa, usisubiri tangazo la kazi litoke.
- Barua pepe yako mwenyewe, si ya mjomba wala ya stationeri.

Vifaa vya kazi, ambavyo unaweza kuvinunua kidogo kidogo:

- Multimita ya dijitali inayopima volti za AC na DC, ohm, na yenye mlio wa kupima kama waya umekatika.
- Seti ya bisibisi bapa na za nyota, kubwa na ndogo; koleo la kukatia na la mdomo mrefu.
- Kifaa cha kuchomea risasi (soldering iron) na waya wake.
- Brashi laini, vitambaa safi, tochi.
- Glavu, koti la karakana, viatu vinavyofunika vidole.
- Kauntabuku moja ngumu. Usiidharau hii, ndiyo itakayokupa kazi.

Kama fedha haitoshi, anza na multimita na kauntabuku. Vingine karakana nyingi huazima.

## Hatua ya 1: Chagua kozi kwa masomo yake, usiangalie jina pekee

Kozi unayoitafuta inafundisha elektroniki, umeme, mifumo ya gesi na maji, pamoja na anatomia na fiziolojia ya kutosha kuelewa mashine inamfanyia nini mgonjwa. Kwa ngazi ya stashahada utaikuta katika vyuo vya ufundi: Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo cha Ufundi Arusha (ATC) na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST). Kwa ngazi ya shahada, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) nacho kimo. Stashahada inapitia ngazi tatu za NTA (mfumo wa taifa wa tuzo za ufundi), ya 4, 5 na 6, kwa kawaida miaka mitatu.

Fizikia na Hisabati ndiyo masomo yanayokubeba au kukuangusha. Kemia inafuata. Alama kamili zinazotakiwa hutofautiana chuo kwa chuo na mwaka kwa mwaka, kwa hiyo fungua mwongozo wa udahili wa NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya ufundi) wa mwaka husika, au wa TCU (tume ya vyuo vikuu) kama unaomba shahada, usome mstari wa kozi yako. Usitegemee alichokuambia kaka aliyeingia miaka minne iliyopita.

Mwanafunzi wa kidato cha nne ana njia mbili. Anaweza kuweka chuo cha ufundi kwenye Selform (fomu ya kuchagua shule na vyuo), au kuomba chuoni moja kwa moja dirisha linapofunguliwa. Mzazi asikutishe kwamba chuo cha ufundi ni cha walioshindwa kwenda kidato cha tano. Mwenye stashahada nzuri anaendelea na shahada akiwa na kitu ambacho mwenzake wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati za kidato cha tano na sita) hana, yaani mikono iliyozoea mashine.

Kuhusu ada: kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024, Bodi ya Mikopo (HESLB) ilianza kutoa mikopo pia kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Soma mwongozo wa mwaka wako uhakikishe kozi yako imo kwenye orodha kabla hujapanga bajeti ya nyumbani kwa kuutegemea mkopo huo.

Tahadhari: usilipe ada ya chuo chochote kabla hujaona kozi hiyo, kwa jina lake kamili, kwenye orodha ya NACTVET. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa na kozi ikawa bado.

Umefanikiwa ukiwa na: barua ya kujiunga yenye jina la kozi linalofanana na lililo kwenye mwongozo, na orodha ya masomo ambayo ndani yake kuna elektroniki na anatomia kwa pamoja.

## Hatua ya 2: Mwaka wa kwanza, usikimbilie mashine

Hapa sina mengi. Jifunze kusoma mchoro wa saketi mpaka usiogope. Jifunze kupima volti bila kupigwa na umeme wala kuunguza multimita. Na soma anatomia kwa moyo, kwa sababu asiyejua mapafu yanafanya nini hawezi kumwelewa sista anapomwambia kuwa mtoto "hasatureti", yaani oksijeni haipandi kwenye damu yake.

## Hatua ya 3: Chagua pa kufanyia mafunzo kwa vitendo kwa kuangalia karakana

Hatua hii ndiyo wengi wanaipoteza. Wanafunzi hukimbilia hospitali kubwa zenye majina, kwa kuwa barua yenye nembo yake inapendeza. Matokeo yake wanajikuta kumi na tano kwenye karakana moja, na mashine kubwa kubwa, CT na MRI, zinashughulikiwa na mawakala wa mtengenezaji kwa mkataba. Mwanafunzi anamaliza wiki zake akishika tochi.

Hospitali ya mkoa au ya wilaya yenye karakana hai na fundi mmoja au wawili waliozidiwa na kazi itakufaa zaidi. Huko zinaharibika mashine ambazo utakutana nazo maisha yako yote: mashine za oksijeni, za kufyonza, za kupimia presha, sentrifuji, hadubini, mashine za kutakasia vyombo kwa mvuke, taa za chumba cha upasuaji. Hospitali za misheni pia ni mahali pazuri sana, kwani nyingi hutengeneza kwanza kabla ya kufikiria kununua.

Kabla hujapeleka barua, nenda mwenyewe au piga simu uulize mambo matatu. Karakana ipo? Fundi wa vifaa tiba aliyeajiriwa yupo? Yupo tayari kusaini kauntabuku ya mwanafunzi kazi kwa kazi? Jibu la swali la tatu likiwa "tutaona", tafuta kwingine.

Ukishapokelewa, anza na salamu. Shikamoo kwa fundi mkuu, kwa muuguzi kiongozi wa kila wodi na kwa mhudumu anayesukuma mashine kwenye korido. Hao ndio watakaokuita kitu kikiharibika, au wasikuite.

Sababu ya kusisitiza mashine ndogo ni hii. Mwaka 2011 Lora Perry na Robert Malkin walichapisha uchambuzi wa orodha za vifaa 112,040 katika nchi 16 zenye kipato kidogo, wakakuta 38.3% ya vifaa havifanyi kazi. Sababu kuu walizozitaja ni upungufu wa mafunzo, usimamizi na miundombinu. Mwaka mmoja kabla, Malkin na Allison Keane walikuwa wamechambua maombi 2,849 ya matengenezo kutoka hospitali za nchi 11, wakaonyesha kwamba kiasi cha theluthi mbili ya vifaa vilivyokufa vingeweza kurudi kazini kwa mtu mwenye stadi 107 tu za msingi: umeme, makanika, ugavi wa nguvu, mabomba, mota, na ufungaji pamoja na kumfundisha mtumiaji. Hakuna stadi hata moja kati ya hizo inayohitaji MRI. Zote zipo hospitali ya wilaya.

Tahadhari tatu zinazohusu uhai wako:

1. Mashine iliyotoka wodini ina damu na makohozi mpaka ithibitike kuwa haina, hasa ya kufyonza. Vaa glavu, na takasa sehemu za nje kwa dawa inayotumiwa na hospitali kabla ya kufungua.
2. Usifungue mashine ya eksirei wala difibrileta (ya kushtua moyo kwa umeme) ukiwa peke yako, hata kama plagi imechomolewa. Ndani kuna kapasita zinazotunza umeme wa kuua. Kwa eksirei kuna pia mionzi inapowashwa, na matumizi yake yapo chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki.
3. Soma kibandiko cha volti kabla ya kuchomeka kifaa cha msaada. Vilivyotoka Marekani vingi ni vya volti 110 hadi 120, na soketi zetu ni 230. Kimoja kinaunguzwa kwa sekunde, na hakuna kipuri.

Umefanikiwa: wiki ya pili ikiisha, wauguzi wa angalau wodi moja wanakuita kwa jina lako.

## Hatua ya 4: Jifunze kutafuta hitilafu kwa mpangilio mmoja, kila mara

Tuichukue mashine ya kuzalisha oksijeni ya lita 5 kwa dakika, ile iliyopo wodi za watoto. Taa ya njano inawaka na sista anasema "haitoi".

Jua kwanza inavyofanya kazi. Inavuta hewa ya chumbani, ambayo ni kama 78% naitrojeni na 21% oksijeni. Kompresa inaisukuma hewa hiyo kwenye mitungi miwili iliyojaa punje za zeolaiti. Zeolaiti inainasa naitrojeni, oksijeni inapita. Mitungi inapokezana: mmoja ukichuja, mwenzake unaitoa naitrojeni iliyonaswa. Ikiwa nzima, inatoa oksijeni yenye usafi wa kati ya 90% na 96%. Usafi ukishuka chini ya 82%, inatakiwa kutoa ishara ya hatari.

Kwanza, mgonjwa. Usiiguse mpaka muuguzi athibitishe kuwa mtoto amehamishiwa kwenye silinda au mashine nyingine. Wewe hupandishi wala hushushi kiwango cha oksijeni ya mgonjwa. Hiyo si kazi yako hata kama unajua namba.

Pili, uliza. "Sista, mara ya mwisho ilifanya kazi lini? Umeme ulikatika? Ilihamishwa? Ilianza ghafla au imekuwa ikishuka siku kadhaa?" Kilichoharibika ghafla mara nyingi ni cha umeme. Kilichoshuka polepole mara nyingi ni uchafu, uvujaji au uchakavu.

Tatu, tazama bila kufungua. Plagi imekaa? Ekstensheni haijaungua? Je, mashine imebanwa ukutani au pazia limefunika mlango wake wa hewa? Inataka kama sentimita 30 za nafasi kila upande. Chomoa sponji ya nyuma uiinue kwenye mwanga. Kama mwanga haupiti, umepata mtuhumiwa wa kwanza. Ioshe kwa sabuni na maji, ikamue, iache ikauke kabisa. Usiirudishe ikiwa mbichi, maana unyevu ndio adui mkubwa wa zeolaiti.

Nne, pima uvujaji. Weka mtiririko lita 2 au 3, kisha ziba kwa kidole tundu la kutokea hewa kwenye chupa ya unyevushaji. Kijipira cha kipimo kinatakiwa kushuka mpaka chini. Kikibaki kinaelea, oksijeni inatokea mahali pengine. Fungua kifuniko cha chupa, tazama nyuzi zake, ukifunge upya taratibu. Mara nyingi kilifungwa upande.

Tano, pima usafi. Iache iwake kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu chake, kisha weka kipima oksijeni kwenye tundu, mtiririko ukiwa juu kabisa. Andika namba. Mtu anayesema "inatoa hewa, nimesikia kwa mkono" hajapima chochote: mashine inaweza kutoa upepo mzuri wenye oksijeni sawa na ya dirishani.

Sita, sasa ndipo ufungue, kama una ruhusa na plagi ipo nje. Fuata njia ya hewa kutoka inapoingia hadi inapotoka: chujio la ndani, kompresa, vali za kupokezanisha, mitungi. Mirija iliyochomoka ni ya kawaida kuliko unavyodhani. Zeolaiti ichunguzwe mwisho, kwa sababu ni ghali na mara nyingi haina kosa.

Saba, rudisha kwa ushahidi. Pima tena, andika namba mpya kando ya ile ya zamani, mwonyeshe sista jinsi ya kuosha sponji kila wiki, naye asaini.

Kwenye mashine hii usipake mafuta wala grisi popote oksijeni inapopita, na pasiwe na moto wala sigara karibu. Mafuta yakikutana na oksijeni nyingi huwaka.

Kwa nini kungojea mpaka hatua ya sita ndipo ushike bisibisi? Kwa sababu hitilafu nyingi zipo nje ya kifuniko, na kila unapofungua bila sababu unaongeza nafasi ya kuharibu kingine. Mpangilio huuhuu wa mgonjwa, uliza, tazama, pima, fungua, pima tena, rudisha, utumie kwa sentrifuji, kwa mashine ya kufyonza, kwa kila kitu.

Umefanikiwa: unaweza kutaja hitilafu unayoihisi, na kipimo kitakachoithibitisha, kabla hujafungua skrubu hata moja.

## Hatua ya 5: Jaza kauntabuku kana kwamba msaili ataisoma

Ataisoma. Au utaisoma wewe usiku wa kuamkia usaili.

Kila kazi ipewe ukurasa wake: tarehe, wodi, jina la kifaa, mtengenezaji, modeli, namba ya mfululizo, malalamiko kwa maneno ya mtumiaji, ulichokikuta, ulichokifanya, kipuri, kipimo kabla na baada, saini ya fundi. Hivi ndivyo ukurasa mzuri unavyosomeka:

*Mashine ya kufyonza, chumba cha kujifungulia. Malalamiko: "haivuti". Mota inazunguka. Kipimo cha mgandamizo hakisogei chupa ikiwa imefungwa. Mrija ukizibwa kwenye mota kabla ya chupa, kinapanda. Hitimisho: mota nzima, uvujaji upo kwenye chupa. Raba ya kifuniko imepasuka. Imebadilishwa. Kipimo baada: kinapanda na kushika. Mkunga ameijaribu na kusaini.*

Linganisha na kilichojaa kwenye vitabu vingi: "Leo tulitengeneza suction." Hakuna mwajiri anayeweza kufanya lolote na sentensi hiyo.

Andika na ulizoshindwa. "Bodi imeungua, kipuri hakipo, imepelekwa karakana ya kanda" ni taarifa kamili. Piga picha za mashine, kamwe si za wagonjwa wala mafaili yao.

## Hatua ya 6: Kuomba kazi bila kuenguliwa kwa karatasi

Mwenye stashahada hutangaziwa kama Fundi Sanifu Vifaa Tiba Daraja la II. Mwenye shahada, Mhandisi Vifaa Tiba Daraja la II. Matangazo hupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na nafasi za halmashauri zimewahi kutangazwa pia na OR-TAMISEMI. Fungua akaunti leo, ujaze kila kipengele, usisubiri tangazo la wiki mbili likukute unatafuta skana.

Wanaoenguliwa mapema huwa na makosa yaleyale. Wameweka karatasi ya matokeo badala ya cheti. Barua ya maombi haina saini. Cheti cha kitaaluma kimepakiwa penye nafasi ya kidato cha nne. Aliyesoma nje ya nchi hajapata uthibitisho wa NACTVET au TCU. Pitia maombi yako ukiwa na mtu mwingine kabla ya kubonyeza kutuma.

Jisajili pia Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Inasajili mafundi sanifu, na mhitimu wa shahada anaanza kama mhandisi mhitimu, kisha anafanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka kadhaa kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu. Kauntabuku yako itakufaa hapo pia.

Usingoje serikali peke yake. Kampuni zinazowakilisha watengenezaji wa mashine huajiri vijana, na kwa maoni yangu ndiyo shule bora baada ya chuo, maana huwapeleka kwenye mafunzo ya mtengenezaji. Ujue tu kwamba utasafiri mikoani sana. Hospitali za misheni na binafsi, peleka barua kwa mkono, ukiambatanisha kurasa tatu bora za kauntabuku yako.

## Hatua ya 7: Usaili wa vitendo

Ukiwekewa mashine, sema kwa sauti unachokifanya. Wasaili hawawezi kukupa alama kwa fikra zilizo kichwani. "Ningemuuliza mtumiaji kwanza ilianzaje. Sasa natazama plagi na fyuzi. Napima kama waya wa ethi (wa kupeleka umeme uliovuja ardhini) umeungana na bodi ya chuma." Hitilafu waliyoiweka mara nyingi ni rahisi: fyuzi imetolewa, waya umelegezwa, swichi imekatwa. Wanachokitafuta ni mpangilio na usalama.

Uwe na majibu ya haraka kwa machache haya: tofauti ya matengenezo kinga na matengenezo ya kurekebisha, mashine ya mvuke hutakasa kwa nyuzi 121 za Selsiasi kwa muda usiopungua dakika 15, na kwa nini hewa ikibaki ndani utakaso unashindikana hata kama joto linaonekana limefika, kwa nini kifaa chenye waya wa ethi kinachomgusa mgonjwa lazima ethi yake iwe nzima. Usipojua, sema ungeangalia kwenye kitabu cha mashine, na utaje ungetafuta nini humo.

Umefanikiwa: umemaliza na mashine imefungwa, vifaa vipo mahali pake, na umesema kipimo cha mwisho.

## Hatua ya 8: Miezi mitatu ya kwanza kazini

Watakuletea mashine zilizokufa miaka mingi, wakitazamia uzifufue zote. Anza na orodha. Zunguka wodi kwa wodi, kila kifaa kipewe namba na kibandiko, na kigawanywe katika makundi matatu: kinafanya kazi, kinatengenezeka, cha kufutwa kwa utaratibu wa mali ya umma. Kisha panga matengenezo kinga kwa vile vinavyookoa maisha moja kwa moja: oksijeni, ufyonzaji, vya watoto wachanga, vya chumba cha upasuaji.

Vipuri visivyoandikwa kwenye mpango wa mwaka wa hospitali au halmashauri havinunuliwi. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na mipango hukamilishwa miezi mingi kabla, kwa hiyo muulize mganga mfawidhi tarehe ya mwisho ya kupokea mahitaji wiki ileile unayoripoti. Mpelekee karatasi moja: kifaa, kipuri, namba ya kipuri, idadi, na bei kutoka kwa wasambazaji wawili.